Raga Ilipofika Uwanjani Kwangu

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi funguo za uwanja. Zilikuwa nne: ya geti kubwa, ya geti la wachezaji, ya stoo, na moja ambayo sikuwahi kujua inafungua nini. Nilipewa, nami nimempa anayefuata. Nyinyi mliobaki kazini mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Habari za vyeo sina, maana niliingia mtunza uwanja nikatoka mtunza uwanja. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika nilivyoanza, halafu nitaandika habari ya raga, kwani najua hiyo ndiyo mnayoingojea, na mimi mwenyewe nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu anakuja kuuliza kuna nini.

Nilikuja Lindi mjini kutoka Rutamba nikiwa nimeolewa na Selemani, fundi cherehani wa Mtanda. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na mikono iliyozoea jembe. Niliposikia uwanja wa mji unatafuta mtunza wa pili, wa kufyeka, nilikwenda. Mtunza uwanja wakati ule alikuwa Mzee Nampota, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya kiua iliyokuwa na rangi ya udongo wenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Nimekuja kazini."

Alinitazama miguuni, si usoni. "Vua viatu," akasema.

Nilidhani ananitukana, lakini nikavua. Akaniambia nitembee kutoka goli la mashariki hadi la magharibi, kisha nirudi kwa upande wa pili, halafu nimweleze nilichokikanyaga. Jua lilikuwa la saa tano. Nilirudi nikamwambia kwamba katikati ni pagumu kama sakafu, kwenye kona ya kulia pana unyevu ingawa hapaonekani, na mbele ya goli la magharibi pana kishimo kilichofukiwa mchanga na mtu mvivu.

"Mtu huyo ni mimi," akasema Mzee Nampota. "Kesho njoo saa kumi na mbili asubuhi."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Kwa miaka minane iliyofuata alinifundisha kazi bila kunieleza chochote. Alikuwa anafanya, nami namtazama. Alinionyesha jinsi ya kunoa fyekeo kwa tupa, kuelekea nje tu, bila kurudi. Alinionyesha namna ya kumwagilia baada ya jua kupungua, na namna ya kutembea kinyumenyume na kopo la chokaa ili mguu usifute kile mkono ulichochora. Alipostaafu aliniachia mtaimbo wake, ule ule uliopo stoo mpaka leo. Mkiutumia mkaona umepinda kidogo upande wa juu, msihangaike kuunyoosha. Umepinda tangu enzi zake, na ndiyo sababu unang'oa jiwe vizuri.

Kazi hii watu huidhania ni nyasi. Nyasi ni robo tu. Robo tatu zilizobaki ni kuwaondoa watu na vitu visivyohusika. Nimewaondoa mbuzi, nimeondoa magari ya harusi, nimemwondoa bwana mmoja aliyekuwa anamfundisha mkewe pikipiki katikati ya duara la kuanzia mpira. Siku moja mgeni mkubwa alikuja kwa helikopta. Hakuna aliyeniambia, nami asubuhi hiyo nilikuwa nimechora mistari yote kwa chokaa kavu, imenyooka mpaka nikajisifu. Helikopta ilipotua, mistari yangu iliinuka kwa pamoja ikaenda kuwakalia wapiga tarumbeta waliokuwa wamevaa suti nyeusi. Walipiga wimbo mzima wakiwa weupe kama wameoka mikate. Mgeni aliwasifu sana kwa sare zao. Tangu hapo nachora kwa chokaa iliyokorogwa na maji, nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Sasa raga.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu nistaafu. Kiangazi kilikuwa kimeshika, mikorosho imeanza kutoa maua, na uwanja umekauka hadi unalia ukiukanyaga. Bwana Mpili, afisa michezo wetu, kijana msomi anayetembea haraka, alikuja na karatasi mkononi.

"Bi Hawa, timu ya taifa inakuja."

"Karibuni. Lini?"

"Wiki tatu zijazo. Lakini si ya mpira wa miguu. Ni ya raga. Wanawake."

"Raga ndiyo nini?"

Aliigeuza karatasi juu chini, kana kwamba jibu lilikuwa upande wa pili. "Ni mpira unaobebwa mikononi."

"Ukibebwa mikononi si faulo?"

"Huku ndiyo mchezo wenyewe, Bi Hawa. Na ukiubeba, wenzako wanakukamata wanakuangusha."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kuubeba."

Nilimwambia akae kwenye kiti anieleze pole pole. Timu ya taifa ya wanawake ya nchi moja ya visiwa, huko mbali katika bahari ya Pasifiki, ilikuwa katika ziara ya ng'ambo. Jina la nchi sitaliandika, maana nikikosea herufi moja nitakuwa nimewakosea adabu. Mechi rasmi wangecheza Dar es Salaam na timu yetu ya taifa ya wanawake. Baadaye timu zote mbili zingekuja kusini, zipumzike Kilwa siku tatu, kisha zicheze mechi ya kirafiki Lindi ili watu wauone mchezo. Kocha wao angetangulia kuukagua uwanja. Asiporidhika, mechi ingehamia kwa watani wetu wa Mtwara.

"Wapi?" nikauliza.

"Mtwara."

Hapo ndipo nilipokubali raga kwa moyo wote.

Kazi ya kwanza ilikuwa magoli. Karatasi ya Bwana Mpili ilikuwa na mchoro: nguzo mbili ndefu zimesimama, na boriti moja inaziunganisha katikati, hakuna wavu. Nilienda Milola kwa ndugu yangu anayepasua mbao, akanipatia miti minne ya mtiki, mirefu, iliyonyooka kama imepigwa rula, na boriti mbili. Tuliisimamisha kwa siku mbili, mimi na vibarua wawili na ule mtaimbo. Ilipokwisha kusimama, mji wote ulianza kupita kuuliza. Wengine walidhani ni minara ya simu. Bibi mmoja aliuliza nani atanyongwa.

Mchoro ulisema pia kwamba chini ya kila nguzo pawe na kitu laini, mchezaji asije akajigonga. Nilifikiri usiku mmoja tu. Asubuhi nilitoa godoro letu la kitanda cha mbao na la chumba cha wageni, nikayakata mapande mawili mawili, nikamwambia mume wangu ayashonee maturubai.

Selemani alishika mkasi akanitazama. "Hawa, na sisi tutalala wapi?"

"Kwenye mkeka. Wazazi wetu walilala kwenye mkeka."

"Wazazi wetu walikuwa hawana godoro. Sisi tulikuwa nalo mpaka leo asubuhi."

Lakini alishona, na alishona vizuri, kwa mshono maradufu, kwa sababu hata akinung'unika fundi yule hawezi kushona ovyo.

Kocha alifika Jumatano, mechi ikiwa Jumamosi. Jina lake Sela. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana, mwenye nywele fupi na ua jekundu kwenye sikio. Alikuja na kocha wa timu yetu, Tunu, binti mwembamba wa Dar mwenye sauti ya kamanda, ambaye ndiye alikuwa anatutafsiria. Sela aliyatazama magoli, akayagonga kwa ngumi, akacheka kwa furaha. Aliyabonyeza magodoro, akainua kidole gumba. Nikaanza kuvimba kichwa.

Kisha akaenda katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua tano, akakimbia, akajirusha chini kwa bega.

Ardhi ilisema *du*. Mimi nilipiga yowe. Bwana Mpili alishika kichwa. Sela aliinuka pole pole, nusu yake vumbi, akawa anajisugua bega huku anaongea na Tunu.

"Anasemaje?" nikauliza.

Tunu alisita. "Anasema magoli ni mazuri kuliko ya kwao. Lakini ardhi ni saruji. Mabinti wake watavunjika, na wetu pia. Anasema atarudi Ijumaa jioni ajirushe tena. Ikiwa hivi hivi, twende Mtwara."

Kweli ilikuwa saruji, na nilijua. Miaka yote ile niliitunza kwa ajili ya mpira unaoviringika. Sikuwahi kufikiria watu wanaoanguka kwa makusudi.

Lakini mgeni ni mgeni, na ilikuwa saa ya chakula. Niliwachukua nyumbani Mtanda, mwendo wa dakika kumi. Nilikuwa nimepanga kupika pweza wa nazi na wali. Nikatoa mbuzi ya kukunia, na kabla sijakaa, Sela alipiga kelele. Akaishika ile mbuzi, akaigeuza, akaibusu. Akaikalia palepale uani, akavunja nazi kwa mgongo wa panga kwa pigo moja, akaanza kukuna kwa kasi ambayo mimi, niliyekuna nazi tangu nina miaka sita, sijapata kuiona. Nazi ilikuwa inaanguka kama mvua. Alikuwa anaongea, anacheka, na machozi yanamtoka.

"Anasema kwao ipo hiyo hiyo," Tunu akaeleza. "Anasema ametoka nyumbani wiki sita, amelala hoteli tisa, na leo ndiyo siku ya kwanza amekaa kwenye kiti cha kweli."

Tulikula mpaka tukashindwa kusimama. Selemani alimpa mkono kama ndugu. Mimi nikaona ndio wakati wenyewe, nikamwambia Tunu amuulize kama ule uwanja, kwa sasa, haujapunguapungua ugumu.

Sela alinishika bega, akasema neno moja.

"Bado mgumu," akatafsiri Tunu.

Nilikuwa na Alhamisi na Ijumaa. Dawa niliijua: kuichoma ardhi yote kwa jembe-uma, kuinywesha maji, kumwaga mchanga uliochanganywa na maranda ya mbao, kisha kuinywesha tena. Kwa watu watatu ni kazi ya mwezi. Mpira wa bomba la uwanja ulikuwa unatoa maji ya kutawadhia tu.

Jirani yangu wa nyuma ni Somoe. Ana miaka thelathini hivi, mkubwa wa mabega, mpole, na anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi pamoja na wanawake wengine. Kutwa nzima wanakwangua chumvi na kuibeba kichwani kutoka kwenye majaruba hadi ghalani. Jioni ile nilimfuata akiwa anaosha miguu.

"Somoe mwanangu, chumvi na maji kipi kizito?"

"Chumvi, Bi Hawa. Ikilowa ndiyo usiseme."

"Basi nina kazi nyepesi."

Nilimweleza. Alisikiliza, akauliza swali moja la maana: "Maji ya bahari yapo tele. Kwa nini tusichote hayo?"

"Yataua nyasi."

"Ehe. Basi ya kisimani." Akafikiri kidogo. "Na tusipofanya, ndiyo wanakwenda Mtwara?"

"Ndiyo."

"Nitawaambia wenzangu."

Alhamisi saa moja asubuhi walikuja wanawake ishirini na wawili, na madumu, na majembe, na mmoja na ngoma. Sijui nani alimwomba alete ngoma, lakini ilipofika saa tatu ndiyo ilikuwa inaendesha kazi. Mstari wa kwanza wanachoma ardhi, mstari wa pili wanamwaga maji, wa tatu wanatupa mchanga na maranda, na mimi nyuma yao miguu mitupu, nasema hapa bado, hapa basi. Mafundi seremala walileta maranda kwa matoroli. Ijumaa asubuhi, mafundi wanaotengeneza barabara waliokuwa wanapita walisimama kushangaa, na dereva wa boza la maji, baada ya kutaniwa sana na wale wanawake, aligeuza gari akatumwagia maboza matatu mazima. Nawaambieni, sijawahi kuchoka vile wala kucheka vile. Somoe alikuwa anabeba dumu moja kichwani na moja kila mkono, na bado anaimba kiitikio.

Sela alifika Ijumaa jioni. Alirudi nyuma hatua tano, akakimbia, akajirusha.

Safari hii ardhi haikusema *du*. Ilisema kitu kama mtu anayekaa kwenye sofa. Na Sela hakuinuka. Alilala pale chali, macho ameyafumba. Sisi tulisogea kwa hofu, wanawake wote ishirini na wawili na mimi. Akafumbua jicho moja, akasema na Tunu.

"Anasema mumletee shuka," Tunu akasema.

Kelele tulizopiga zilisikika sokoni.

Jumamosi mabasi mawili yaliingia saa saba, yakitoka Kilwa. Yalianza kusikika kabla ya kuonekana, kwa sababu wale mabinti wa visiwani wanaimba sauti nne, na wetu walikuwa wamekwisha kujifunza nyimbo zao. Walishuka wamevaa kofia za ukindu walizonunua Kilwa Masoko, wamechomwa na jua la magofu ya Kilwa Kisiwani, wanasalimia kila mtu "shikamoo", hadi watoto wachanga. Baada ya swala ya alasiri uwanja ulijaa. Watu walikaa juu ya ukuta, juu ya malori, juu ya paa la choo, ingawa nilikuwa nimeandika tangazo.

Ndipo Kocha Tunu aliponijia uso umemshuka. Timu yetu ilikuwa imeumizwa Dar, wakaja Lindi na wachezaji kumi na tano kamili, hakuna wa akiba. Na sasa, wakati wa kupasha misuli, mmoja wa pembeni alikuwa ameteguka kifundo cha mguu.

"Cheza na kumi na nne," nikamwambia.

"Nitacheza. Lakini yule dada wa madumu yuko wapi?"

Somoe alikuwa amekaa kwenye nyasi, anakula karanga. Tunu alichuchumaa mbele yake.

"Dada, unaweza kukimbia?"

"Naweza."

"Mtu akikukamata?"

Somoe alifikiri. "Anikamate kwani ana nini na mimi?"

Sela aliulizwa, akakubali kabla swali halijaisha, maana mechi ilikuwa ya kirafiki. Selemani alikimbia nyumbani, akarudi na suruali ndefu ya kubana na shati la mikono mirefu alilolipunguza kiuno pale pale kwa sindano ya mkono, Somoe akiwa amesimama ndani yake. Kichwani akafunga kitambaa mara mbili. Juu akavaa jezi ya taifa. Wenzake wa chumvi walipomwona na jezi ile walisimama wote. Halafu yule mwenye ngoma akaanza.

Tunu alimpa somo la dakika mbili. Usirushe mpira mbele. Mwangushe mwenye mpira kuanzia kiunoni kwenda chini. Ukiupata, kimbia uvuke ule mstari wa mwisho. Basi.

Mchezo wenyewe sitajidai kuueleza. Walikuwa wanasukumana, wanarundikana kama magunia, wanainuka, wanapeana mikono, wanarundikana tena. Wageni walitufunga, wakatufunga, na yule aliyekuwa anaandika mabao kwenye ubao aliomba chaki nyingine. Lakini hakuna aliyeondoka. Kila binti akianguka, watu walikuwa wanashangilia, na akiinuka wanashangilia zaidi. Na mimi nilikuwa naangalia ardhi tu. Kila mwili uliotua salama niliuhesabu kama wangu.

Kipindi cha pili mpira ulichomoka kwenye rundo ukaruka moja kwa moja kifuani kwa Somoe. Aliukumbatia, akashika njia. Mmoja alimkosa. Wa pili alishika jezi akaburutwa kama toroli. Somoe aliuvuka mstari, na uwanja mzima uliinuka. Sasa, kwenye raga, ukivuka lazima uuguse mpira chini, ndipo liwe bao. Hilo Tunu alilisahau katika somo lake. Somoe aliendelea. Alipita nyuma ya magoli, akapita geti kubwa, ambalo nakiri nililiacha wazi, akatokea barabarani. Wageni wawili nao, wakidhani labda ndivyo inavyochezwa Lindi, walimfuata. Alipita banda la chipsi. Madereva wa bodaboda walimfungulia njia. Alirudi baada ya dakika tatu akiwa katikati ya wale wageni wawili, wameshikana mabega, mmoja anakula muhogo, na mpira bado ameukumbatia.

"Nimevuka!" akasema.

Mwamuzi, dada mmoja mkali kutoka Dar, alikuwa amekaa chini anacheka, filimbi imemdondoka. Bao halikuwa bao.

Zilibaki dakika chache. Sisi hatukuwa na bao hata moja. Wenzetu walibanwa karibu na mstari wa wageni, mpira ukafika tena kwa Somoe, akainamisha kichwa kama mtu mwenye chumvi iliyolowa, akaingia. Walimwangukia wanne. Alipoanguka alinyoosha mikono akaugandamiza mpira chini kwa nguvu zote. Uwanja ulilipuka.

Lakini mwamuzi hakupiga filimbi. Mahali pale miguu ilikuwa imefuta chokaa yote. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akauliza kwa sauti, "Nani alichora mistari hii?"

Nikaingia uwanjani. Nilipiga magoti kando ya Somoe, aliyekuwa bado amelala chini, mikono juu ya mpira. Nikapapasa nyasi. Chokaa ya maji hata ikifutika huacha ukoko mwembamba, nami niliupata kwa kidole. Ulikuwa upande wa pili wa mpira. Ulikuwa mbali kwa kiganja kimoja.

Nilitamani sana kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Haujafika," nikasema.

Sijawahi kuzomewa vile katika mji wangu. "Bi Hawa, wewe wa wapi?" mtu alipiga kelele. Nadhani alikuwa mume wangu.

Somoe aligeuza uso, udongo hadi kwenye kope. "Bi Hawa, kweli?"

"Kiganja kimoja, mwanangu."

"Basi narudi tena."

Mwamuzi aliwapa wenzetu mpira waanze upya, hatua tano kutoka mstarini. Tunu alikuwa anapiga kelele maneno ambayo wazazi wake wasingependa. Mpira alipewa nani, mnajua. Wageni watano walimshika, na wetu wote kumi na wanne walikuja nyuma yake wakamsukuma, na nyuma ya ukuta wanawake ishirini na mmoja wa chumvi walikuwa wanasukuma ukuta. Lile rundo lilisogea. Lilisimama. Likasogea. Likaanguka ng'ambo ya mstari, mbali kabisa, mita nzima, mahali ambapo hata mtu wa Mtwara asingebisha. Mwamuzi alizama ndani ya miguu na mikono kutafuta mpira, na alipoibuka alikuwa ameinua mkono mmoja juu.

Tulifungwa siku ile kwa idadi ambayo sitaiandika. Tulisherehekea kama tumechukua kombe la dunia. Sela alimbeba Somoe mgongoni akamzungusha uwanja mzima, na wageni waliimba, na ngoma ikaingia katikati ya wimbo wao ikakaa sawasawa kama walifanya mazoezi.

Jumapili asubuhi niliukagua uwanja. Ulikuwa umechimbika kama nguruwe pori walipita. Ilinichukua wiki tano kuurudisha, na kila siku nilikuwa nafukia mashimo huku naimba.

Magoli ya raga yapo bado. Watu wa mpira wa miguu walitaka yaondolewe, tukakubaliana yahamie upande wa kaskazini, kwenye kiwanja kidogo cha mazoezi. Kila Jumanne na Ijumaa, kazi ya chumvi ikiisha, Somoe na wenzake wapo pale. Wapeni maji. Wapeni geti. Msiwaulize barua.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Ofisini walipanga viti vya plastiki, soda, keki, na hotuba tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu. Nikiwa nimekaa pale nikisikiliza habari za mtu mwema kuliko mimi, nilimwona Somoe dirishani ananipungia mkono. Nilitoka kwa adabu, nikijifanya nakwenda kunawa.

"Bi Hawa, tumepungukiwa na mtu mmoja. Simama tu pale pembeni. Hutafanya chochote."

Nilikaza mtandio, nikapandisha baibui, nikaenda kusimama. Miaka yote ile niliutembea uwanja huo, niliufyeka, niliuchora, niliulalamikia. Kuukimbia, sikuwahi. Kisha nikaona mpira unakuja, unajizungusha hewani, na mikono yangu ikaudaka kabla sijaamua.

Nikakimbia. Sijui nilikimbiaje, ila nilisikia wanawake wote wanapiga vigelegele, na upepo unaingia ndani ya baibui, nami nacheka kwa sauti ambayo nilidhani niliiacha Rutamba nikiwa msichana. Bwana Mpili alitoka ofisini mbio, keki mkononi.

"Bi Hawa! Hotuba bado mbili! Rudi, bado uko kazini!"

Nilimpigia kelele bila kusimama kwamba saa tisa na nusu imepita, kazi imekwisha, na sasa nacheza.